Pima shamba kwa bamvua, usipime kwa simu

Mwaka juzi binti ya ndugu yangu alinionyesha ramani kwenye simu. "Ami, shamba lako liko mita 9 juu ya bahari. Lala usingizi." Sikulala. Shamba lenyewe liko nyuma ya mikoko ya Matondoni, kisiwani Lamu, na bamvua kubwa, yaani maji makuu ya bahari, ikijaa mimi huvua makubadhi kabla sijafika uani. Mita 9 ni minazi yangu hiyo.

Na kweli ilikuwa minazi. Ramani nyingi za bure za urefu wa ardhi zimetokana na rada iliyobebwa na chombo cha anga cha Marekani, Februari 2000. Rada ile haipenyi vizuri makuti, kwa hiyo penye miti hupandisha ardhi juu kuliko ilivyo. Kosa hilo liko kwetu, liko Bangladesh, liko na delta ya Mekong kule Vietnam. Mwaka 2007 watafiti walikadiria kuwa ardhi ya pwani iliyo chini ya mita 10 ni asilimia 2 tu ya nchi kavu duniani, lakini imebeba asilimia 10 ya watu. Karibu kila shamba ninalolijua mimi limo humo.

Basi pima mwenyewe. Ngojea bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Za Machi na Septemba ndizo kubwa. Chagua siku isiyo na upepo, maana kusi likivuma husukuma maji juu na utajidanganya. Maji yakifika mwisho, piga kigingi hapo. Ukichelewa, fuata mstari wa takataka na majani ya bahari.

Sasa tafuta mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wa mafundi wa kusawazishia msingi, mita 15 hivi. Ujaze maji, utie bluu ya kufulia kidogo upate kuyaona, na utoe mapovu yote. Povu moja tu laharibu kazi. Mtu mmoja asimamishe fito penye kigingi, mwingine asogee bara na fito yake, ncha zote mbili za mpira ziwe wazi. Maji yakitulia, kila mmoja apime kutoka chini hadi usawa wa maji. Kwenye kigingi ukipata 120, bara ukipata 95, basi bara pako juu kwa sentimita 25. Andika, sogea, rudia. Kisha rudi nyuma ukipima tena mpaka kigingini. Sisi mara ya kwanza tulikosana sentimita 11 na tukagombana nusu saa. Kumbe mwenzangu alikuwa amekanyaga mpira.

Penye kisima nilipata sentimita 132 juu ya kigingi. Penye muembe wa marehemu baba, sentimita 41. Bahari duniani ilipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na sasa kasi yake ni karibu milimita 4 kwa mwaka. Piga hesabu yako.

Lakini usitazame juu tu. Visiwani maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, na kwa kadiri, ukiyashusha maji matamu sentimita 1, chumvi hupanda chini yake kama sentimita 40. Ndiyo maana pampu huua kisima ambacho ndoo haikukiua. Onja maji yako kwenye bamvua, uonje tena kwenye maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haitoki sana, uandike. Ukiona tofauti, vuta kidogo kidogo, usichimbe zaidi kwenda chini, na maji ya mvua uyaweke kwenye jabia, birika la kujengea, kama wazee.

Ukuta sikushauri. Jirani alijenga; maji yakaruka, yakakosa pa kutokea, na migomba yake ikaungua ncha za majani hadi ikafa. Bangladesh, baada ya kimbunga Aila mwaka 2009, maji ya chumvi yalikaa muda mrefu ndani ya matuta yaliyobomoka. Mikoko iliyo mbele yako iache isimame.

Kigingi changu cha kwanza kililiwa na mchwa. Cha sasa ni nondo, nimeipigia saruji, na nimeichora mstari mwekundu wa Machi.