Kutafuta mvujo wa bomba lililo chini ya maji kwa sauti

Maji yakitoka kwa nguvu kwenye tundu hutoa sauti, na sauti hiyo husafiri ndani ya bomba pande zote mbili. Weka haidrofoni (kinasa sauti cha majini) moja kila upande: tofauti ya muda wa kufika itakuambia mzamiaji ashuke wapi. Nazungumzia bomba la maji linalovuka mto au ziwa, ambalo ncha zake zinafikika.

Hatua ya 1: Pandisha presha. Kila mita 10 za kina huongeza presha ya karibu baa 1 (baa ni kipimo cha presha) nje ya bomba. Presha ya ndani ikiizidi ya nje kidogo tu, tundu halitavuma. Usivuke kiwango cha presha ambacho bomba linahimili.

Hatua ya 2: Funga haidrofoni. Ziguse maji ya ndani kupitia valvu za ncha. Vihisi vya kubandika juu ya bomba navikubali kwenye chuma tu. Plastiki humeza sauti kali, ikabaki mngurumo hafifu.

Hatua ya 3: Rekodi zote mbili kwa pamoja, boti zikiwa zimetulia.

Hatua ya 4: Pima kasi ya sauti. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Watu huchukua mita 1,480 kwa sekunde, kasi ya sauti katika maji matupu. Ndani ya bomba sauti huenda polepole zaidi, kwa sababu ukuta hutanuka kila wimbi linapopita. Kwenye plastiki hushuka hadi mita mia chache. Majedwali ya viwandani nayo siyaamini, kwani viputo vichache vya hewa vinatosha kuipunguza sana. Kwa hiyo toa hewa kwanza.

Kisha fungua kidogo valvu iliyo nje ya haidrofoni mbili, si kati yake. Sauti yake itapita umbali wote, kwa hiyo gawanya urefu wa bomba kati ya haidrofoni kwa muda wa kuchelewa (tofauti ya muda wa kufika), upate kasi halisi. Urefu uwe wa bomba lenyewe, pamoja na mabonde na mikunjo ya sakafuni, si wa kamba iliyovutwa ng'ambo hadi ng'ambo. Kama kuna kipande cha chuma na kipande cha plastiki, kasi moja haitoshi. Kila kipande kihesabiwe peke yake.

Hatua ya 5: Piga hesabu. Funga valvu, acha programu ya kompyuta ilinganishe rekodi ili upate kuchelewa kwa sauti ya mvujo. Urefu, toa kasi mara kuchelewa, gawa kwa 2: huo ni umbali kutoka haidrofoni iliyosikia kwanza. Kwa mita 400 na kuchelewa kwa sekunde 0.12, kasi ya 1,250 inatoa mita 125. Kasi ya 1,100 inatoa mita 134. Kwenye maji ya tope, mita 9 ni saa nzima ya mzamiaji kupapasa.

Kama nchi kavu kuna valvu nyingine kwenye bomba la aina ileile, hamisha haidrofoni ili mvujo uangukie karibu na katikati. Hapo kuchelewa hukaribia sifuri, na kosa la kasi halina uzito tena. Kuchelewa kukiwa sawa na muda wa urefu wote, chanzo kiko nje ya haidrofoni zako. Usimshushe mtu majini.