Ukuta wa matumbawe hautaki saruji

Mwaka juzi fundi alitupigia lipu ya saruji ukumbini, nyumba yetu ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Miezi minane iking'aa. Halafu ukuta ukatoa chumvi, lipu ikavimba, na usiku mmoja bamba zima likaanguka pembeni mwa kitanda cha mama. Ukiwa na nyumba Mji wa Kale, yasikupate hayo.

Jiwe la matumbawe lina vitundu: linavuta unyevu na kuutoa. Saruji inauzuilia ndani, basi chumvi ndiyo inayosukuma lipu. Ibandue yote kwa patasi, polepole. Sisi chini yake tulikuta rangi ya buluu, chini ya buluu kijani, na chini ya kijani kidaka kilichozibwa, yaani kishubaka cha ukutani cha kuwekea vitu. Mama alikuwa hajui kama kipo, na amezaliwa humo.

Lipu mpya iwe ya chokaa. Chokaa ilowe pipani wiki mbili au zaidi, maji yaifunike. Kama ni ile ambayo bado haijazimwa kwa maji itachemka, kwa hiyo weka watoto mbali na ukinge macho. Changanya chokaa debe 1 kwa mchanga madebe 3. Mchanga uwe wa mto. Wa ufuoni una chumvi, utarudi palepale.

Tomea mashimo kwa vijiwe, lowesha ukuta, kisha piga lipu nyembamba kama unene wa kidole. Hapa ndipo wengi huharibu: wanataka ikauke leo. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa ya ukaa, taratibu, ikiwa na unyevu. Tundika magunia yaliyoloa, uyanyunyizie asubuhi na jioni, na tabaka la pili lingoje wiki. Fundi atanung'unika. Mwache.

Ngome ya Yesu, iliyoanzwa 1593 na Wareno, ni matumbawe hayahaya. Msikiti wa Mandhry wa 1570 nao hupakwa chokaa. Waswahili, Waarabu, Mabohora, Mabaluchi, wote wameishi ndani ya kuta hizi, na vyumba vyao vyembamba kwa sababu moja: boriti ya mkoko haifiki mbali.

Nje ni habari nyingine. Usiguse mlango wa nakshi wala roshani kabla ya kupita ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa. Mtaa huu unalindwa kisheria.

Kidaka hatukukiziba tena. Mama ameweka chetezo chake humo.