Kabichi Haishiki Dawa: Tazama Tone Kabla ya Kuongeza Dozi

Mkulima wa kabichi Arumeru akipiga dawa ya nondo mgongo almasi na viwavi wake wakaendelea kula, maneno ya kwanza ni kwamba dawa ni feki. Inawezekana, na nondo huyu huzoea dawa haraka. Lakini kabla ya kugombana na mwenye duka, nyunyizia jani maji matupu, kisha inama utazame.

Kwenye kabichi changa tone husimama duara kama shanga, ukitikisa jani linabingirika hadi chini. Ule ukungu wa kijivu unaofutika ukipitisha kidole ni nta, nayo haiyapi maji pa kushika. Maji yenyewe hupenda kujikusanya: mvutano wa uso wake ni kama milinyutoni 72 kwa mita. Kitunguu cha Mang'ola ni kigumu zaidi kwa sababu jani limesimama wima, na thiripi, wadudu wadogo wanaokishambulia, wamejificha shingoni. Anayebisha na atie maji kwenye jani la gimbi kando ya mfereji wowote Moshi. Jani litabaki kavu.

Kuongeza dozi hapo ni kurutubisha udongo kwa sumu. Kinachotakiwa ni kiambata cha kuchanganya na dawa, ambacho madukani wengi hukiita stika. Hushusha mvutano ule hadi karibu na 30, tone likatandaa. Fuata kipimo cha kwenye lebo, na ukitie mwisho bomba likishakaribia kujaa, la sivyo povu litakusumbua. Viambata vya silikoni hutandaza mno. Ukilowesha kama ulivyozoea, dawa itachuruzika kwenye ncha za majani, kwa hiyo punguza maji. Sabuni ya kufulia siishauri: kwenye maji ya chumvi huganda, na ikizidi huunguza jani.

Nozeli nayo ina sehemu yake. Tone kubwa hudunda kwenye nta. Ukigawa kipenyo chake kwa mbili, maji yale yale yanatoa matone manane. Nozeli iliyolika hutoa makubwa, na bei yake ni ndogo kuliko chupa moja ya dawa. Ila matone madogo mno hupeperushwa, hivyo piga asubuhi upepo ukiwa umetulia na umande umekauka.

Penye vidukari mambo hugeuka. Ule utamu wanaomwaga juu ya jani huyeyuka, na tone likitua hapo huuyeyusha kingoni na kujitanua. Ukipima kwenye jani hilo utadhani shamba zima linalowana, kwa hiyo chagua majani safi, moja changa na moja kuukuu, kwani nta ya kuukuu imeshachubuliwa na mvua.

Kwenye kahawa, ugonjwa wa kutu huingilia chini ya jani. Elekeza nozeli juu kutoka chini, kisha geuza majani machache uone kama yamelowa.