Kabla hamjafungana kamba: maongezi ya kwanza kwa wanaoanza kinki

Mimi ndo hufunga, mwenzangu hufungwa, tuko Kampala. Hii ni ya wenye wametimiza 18 na wanataka kujaribu kinki, yaani michezo ya kitandani kama kufungana kamba, ila hawajui waanzie wapi. Anzieni kwa chai.

Hatua ya kwanza: ongeeni mkiwa na nguo, mchana, na hakuna aliyeonja waragi, ile pombe kali ya huku. Mtu akishapata joto atakubali chochote, hiyo si ridhaa.

Hatua ya pili ndo yenye kazi. Ukiuliza "uko sawa na nini?" utajibiwa "kila kitu", na hapo ndo niliharibu. Siku ya kwanza nilimfunga mikono nyuma na leso, muda kidogo akaanza kulia, kumbe zamani alianguka na boda bega likateguka na mimi sikuwahi kuuliza. Siku hizi nauliza vitu vya kushikika: wapi nisiguse kabisa? Una asma, presha, jeraha la zamani? Jina gani nikikuita litakuudhi? Nywele umesuka juzi, nivute au niache? Alama ikibaki kwa mkono, Jumatatu kazini utavaa nini? Na kama mnaishi muzigo (chumba cha kupanga kwenye safu ya vyumba), jirani anasikia hadi kijiko kikianguka, kelele mtafanyaje?

Majibu yagaweni: ndiyo, labda, hapana. Hapana haibembelezwi wala haiulizwi sababu. Labda ingoje siku nyingine, usiku wa kwanza chezeni na ndiyo mbili tatu tu zinatosha. Shingo iacheni, kukaba koo hakuna njia iliyo salama hata akiomba mwenyewe.

Hatua ya tatu, breki. Sisi tunatumia taa za barabarani: kijani endelea, njano punguza, nyekundu acha kila kitu (si kama boda pale Jinja Road jamani). Mdomo ukiwa umezibwa ashike funguo mkononi, zikianguka unaacha. Fanyeni mazoezi kabla, aseme nyekundu na wewe umwachie, mtacheka lakini fanyeni, maana mtu mwoga hujifunza kuitamka hapo.

Kamba: vidole viwili vipite chini yake, mkasi uwe karibu, akisema anahisi ganzi fungua hapo hapo, usisubiri. Usimwache peke yake hata dakika moja. Tochi pia, umeme ukikatika utaonaje kama mikono imebadilika rangi?

Picha ni swali la kivyake, kukubali kufungwa si kukubali kupigwa picha. Simu zetu hubaki jikoni.

Mwisho mkubaliane ya baadaye. Kuna mwenye anataka blanketi, kuna mwenye anataka anyamaziwe. Kesho yake mpigie, wengine huzuni huwajia siku ya pili, muulize kipi msirudie. Wangu akishafunguliwa anataka roleksi (chapati iliyoviringwa na mayai) ya mayai mawili, na kijana anayeiuza pale chini hufunga kibanda mapema, kwa hiyo nainunua kabla hatujaanza naifunika na sahani.