Namna ya Kumfurahia Bwana Ukiwa na Mgonjwa Ndani

Bwana asifiwe, wapendwa. Mume wangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Asubuhi namgeuza, namwogesha, namnywesha uji, ndipo niende kuuza vitunguu sokoni Mbuyuni, hapa Moshi. Akina mama wa jumuiya huniuliza furaha naitoa wapi. Huwa nawaeleza hivi.

Usijilazimishe kucheka. Paulo aliandika "Furahini katika Bwana siku zote" (Wafilipi 4:4) akiwa kifungoni, na katika barua hiyohiyo anasema Mungu alimhurumia Epafrodito aliyekuwa karibu na kufa, ili yeye Paulo asiwe na "huzuni juu ya huzuni" (2:27). Kumbe huzuni alikuwa nayo tayari! Kwa hiyo mlilie Mungu kwanza. Zaburi ya 13 ni fupi, ina aya sita tu, ishike kwa moyo. Inaanza na "hata lini utanisahau", inaishia kwa kuimba. Mimi huisema nikimkanda mume wangu mkono. Siku nyingine navuka aya ya pili kwa shida, naishia hapo, kesho naanza tena.

Lililonifaa kuliko yote ni Habakuki 3:17-18. Nabii hasemi tu kwamba hali ni ngumu. Anataja kimoja kimoja: mtini, mizabibu, mzeituni, mashamba, kondoo, ng'ombe. Vyote hakuna. Ndipo anasema, "Walakini nitamfurahia Bwana." Chukua daftari, uandike ya kwako. Mimi niliandika: Ijapokuwa mkono wa baba watoto hauinuki, na mtaji wa vitunguu umeishia kwenye dawa, na ndugu wameacha kupokea simu, na ada ya mtoto haijatimia, walakini nitamfurahia Bwana. Usiruke lile linalouma zaidi, maana ndilo unalohitaji kumpelekea. Kisha soma kwa sauti, kila siku, mpaka moyo ufuate mdomo. Na uangalie vizuri: nabii hafurahii mtini kukauka, anamfurahia Mungu wa wokovu wake. Mimi sishukuru kwa ajili ya kiharusi. Namshukuru Kristo aliyekufa akafufuka, na huyo hakuna ugonjwa unaoweza kuninyang'anya.

Imba pia. Kule Filipi, Paulo na Sila waliimba usiku wa manane, miguu imefungwa kwenye mkatale, mapigo ya bakora hayajaoshwa. Tetemeko lilikuja baadaye, na mlinzi wa gereza akawaosha majeraha baadaye zaidi (Matendo 16:25-33). Kwa hiyo usingoje mambo yatengemae. Ukikosa sauti, waite wanajumuiya waje waimbe kwako. Mume wangu kuongea kunamshinda, lakini pambio likianza, maneno yanamtoka. Nikimsikia, uchovu wa siku nzima nausahau.

Jambo jingine, nalisema kwa uzito: ukiona hulali, huli, na unatamani kufa, mwambie mchungaji na uende hospitali siku hiyohiyo. Dawa haipunguzi imani. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa (Wakolosai 4:14). Omba mama mmoja wa jumuiya akusindikize, na mwingine abaki na mgonjwa.