Somo: Kununua Discovery 3 ya mkononi hapa Malindi, hesabu ya spea kwanza

Land Rover Discovery 3 ilitengenezwa kuanzia 2004 hadi 2009. Bei ya gari imeshuka, ya spea haikushuka pamoja nayo. Ndiyo maana mtu hulipata kwa pesa ya Probox nzuri, kisha likalala gereji nusu mwaka.

Malindi pana na mtego wake. Mengi ya magari haya hushinda kwenye majumba ya ufuoni: mwenyewe yuko Ulaya, askari wa lango analiosha Jumamosi kwa maji ya kisima yenye chumvi. Maili chache, rangi yang'aa. Mimi ningechukua lililotembea kila siku likihudumiwa kuliko lile lililolala miaka mitatu likipigwa na upepo wa bahari.

Hatua ya 1: Karatasi. Linganisha namba ya chesisi ya kwenye logbuku na ile ya kwenye gari lenyewe, kisha tafuta rekodi ya NTSA kupitia eCitizen. Kukiwa na jina la mkopeshaji, usitoe hata shilingi mpaka liondolewe.

Hatua ya 2: Urefu. Nyingi za Discovery 3 hukalia mifuko ya hewa badala ya springi. Hapa ndipo penye pesa, usiharakishe. Jioni, gari likiwa limezimwa mahali tambarare, pima kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Pima pembe zote nne, andika. Rudi alfajiri kabla halijawashwa, upime tena. Gari hili hujisawazisha lenyewe likiwa limeegeshwa, kwa hiyo likishuka kidogo pande zote si ajabu. Pembe moja ikilala peke yake, au gari zima likiwa limepiga magoti, hewa inavuja. Paka povu la sabuni kwenye mikunjo ya mifuko na kwenye maungio ya mabomba, utaona linapochemka.

Sababu ya kukaza hapa ni hii: mfuko ukivuja, kompresa (pampu inayojaza mifuko hewa) hufanya kazi bila kupumzika, hupata moto, na pete ya pistoni yake huisha. Dawa ya kukausha hewa nayo hushiba unyevu, maji yakaingia kwenye vali. Ukibadilisha kompresa ukauacha mfuko, baada ya muda utanunua kompresa nyingine. Hesabu vyote viwili.

Hatua ya 3: Chini ya uvungu. Leta bisibisi nene na tochi. Gonga chesisi, hasa nyuma juu ya tairi la akiba: chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti butu. Lami mpya iliyopuliziwa wiki hii isikufurahishe, ikwangue. Tazama mabomba ya breki. Kisha boliti za mikono ya chini ya mbele: hushikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi, fundi akalazimika kuzikata. Kazi ya saa mbili huwa ya siku mbili, na boliti mpya ni juu yako.

Hatua ya 4: Injini. Ya dizeli, V6 ya lita 2.7, ina mikanda miwili: wa taimingi mbele, na wa pampu ya dizeli nyuma, ambao mafundi wengi huusahau. Ratiba ya Uingereza ilitaja maili 105,000 au miaka 7, kinachotangulia. Kwa hiyo muuzaji akisema "halijafika maili", muulize mwaka. Asipokuwa na risiti, hesabu mikanda yote. Kwenye injini za miaka ya mwanzo badilisha na pampu ya oili papo hapo, kwani kishikio cha kikaza mkanda kiko kwenye pampu na hupasuka. Kikipasuka, mkanda hulegea na vali hugonga pistoni. Ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, funga mazungumzo: krankshafti (shafti kuu) za injini hii zina historia ya kukatika, na hiyo si ya kutengeneza bali ya kununua injini nyingine.

Hatua ya 5: Gia boksi. Endesha kutoka mjini, uvuke daraja la Sabaki kuelekea Mambrui. Shika mwendo wa 60 hadi 80 bila kubadilisha mguu. Gari likitetemeka kama linapita juu ya matuta madogo, oili ya gia boksi imechoka au konvata (kiungo kati ya injini na gia boksi) inakwenda. Watakwambia oili hiyo ni ya maisha. ZF, waliounda gia boksi yenyewe, wanashauri ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 120,000. Chujio lake limeungana na sampu (beseni la oili) ya plastiki, kwa hiyo hununuliwa pamoja.

Hatua ya 6: Mashine ya kusoma makosa. Iwe inayoongea na moduli zote (kompyuta ndogo za gari), si ile ndogo ya injini tu. Soma, tembea kilomita 30, usome tena: makosa yaliyofutwa asubuhi hurudi.

Sasa toa jumla ya hayo yote kwenye bei anayotaka. Kisha uwe na robo ya bei pembeni, mkononi, si ya kukopa.

MASWALI

Swali: Nakaa Lamu, gari litabaki Mokowe. Litafaa?
Jibu: Ndugu, kwa gari la kulala wiki tatu, hili silo. Ukilazimika, liegeshe mbali na jeti, mtu aliendeshe nusu saa kila wiki, na uvungu uoshwe kwa maji matamu.

Swali: Je, nikitoa hewa niweke springi?
Jibu: Inawezekana, vifaa vinauzwa. Utapoteza kupanda na kushuka, na taa za onyo zitahitaji moduli ya kuzinyamazisha. Kwa njia ya Sala Gate, lango la Tsavo Mashariki, ni uamuzi wa busara. Kwa kuliuza baadaye, si sana.

Swali: Na petroli V8?
Jibu: Ile ya 4.4 hutumia cheni, haina balaa la mikanda. Balaa lake liko kituo cha mafuta.

Swali: Fundi wangu anasema kubadilisha turbo kunataka bodi iinuliwe. Ananidanganya?
Jibu: Hapana. Wengi huinua bodi kutoka kwenye chesisi ili wapate nafasi. Muulize kwanza ana lifti ya nguzo mbili; kama hana, tafuta Mombasa.