Jinsi ya Kuunganisha Mtandao wa Dodoma na Kituo cha Kubadilishana Intaneti

Msimamizi wa mtandao wa chuo, benki au kampuni ya intaneti hapa Dodoma asikodi raki (kabati la kufungia vifaa vya mtandao) katika kituo cha data kabla hajajua data zake zinapita wapi. Andika amri ya traceroute (kwenye Windows ni tracert) pamoja na anwani ya seva unayojua kwa hakika kuwa ipo Dar es Salaam, kisha usome muda wa kila ruta, yaani kila kifaa kinachoelekeza data njiani. Mwanga husafiri ndani ya faiba takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi kati ya miji hii miwili, iliyotengana kwa barabara kilomita 450 hivi, huchukua milisekunde zipatazo 5. Hata 15 bado ni hali nzuri. Muda ukiruka ghafla hadi 150 na kubaki hapo mpaka mwisho, kuna uwezekano mkubwa kuwa data zimevuka bahari hadi Ulaya na kurudi, nawe unailipia safari hiyo. Ruta moja ya katikati ikichelewa peke yake isikutishe, kwa kuwa ruta nyingi hujibu vipimo baada ya kazi nyingine.

Tiba ni kukutana na mitandao mingine papo hapo nchini, kama inavyofanyika TIX, kituo cha kubadilishana intaneti kilichopo Dar es Salaam, tangu mwaka 2004. Utahitaji namba ya mtandao unaojitegemea (ASN) na anwani za IP kutoka AFRINIC, shirika linalogawa namba za intaneti Afrika, pamoja na ruta inayotumia BGP, lugha ambayo mitandao hutumia kutangaziana njia za kufikia anwani zao. Tangaza anwani zako pekee, na uweke vichujio vya kuzuia matangazo ya njia yasiyo sahihi kabla ya kuwasha kiungo.

Katika kuchagua jengo la kituo cha data, uliza kwanza ni kampuni ngapi za faiba zimeingia humo. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni njia mbili za faiba zilizo tofauti kwelikweli: kampuni mbili zaweza kukuuzia huduma juu ya mkongo uleule, na jembe moja la katapila likakata zote. Dai ramani; njia moja ikipita Morogoro, nyingine izungukie Arusha. Omba pia jenereta ijaribiwe ikiwa imebeba mzigo halisi, na ukague vichujio vya viyoyozi, maana vumbi la kiangazi cha Dodoma huviziba upesi.

Ukishaunganishwa, rudia kipimo, kisha umwombe msimamizi wa upande wa pili apime kuja kwako, kwa sababu njia ya kurudi si lazima iwe ile ya kwenda.